Kaa, Vizimba na Gramu za Mrututu

Andiko la mradi wa kunenepesha kaa huwa na sura ileile, liwe limeandikwa Tanga, Kilifi au Pemba. Kwanza vizimba: idadi yake, vipimo vyake, kama ni vya mbao au vya plastiki. Halafu mafunzo ya siku kadhaa. Halafu kaa wenyewe, watakaonunuliwa kwa wavuvi wakiwa wamekonda. Halafu soko, ambalo huelezwa kwa kirefu kwa sababu ndilo linalomvutia mfadhili. Chakula hupewa mstari mmoja: kikundi kitatumia mabaki ya samaki yanayopatikana kijijini. Gharama yake huandikwa ndogo, au nafasi huachwa wazi.

Kwa kuyasoma maandiko ya namna hii na kuyafuata hadi kwenye maji, nimefika mahali pa kuamini kwamba mstari huo mmoja ndio unaoamua kama mradi utakuwa hai baada ya mfadhili kuondoka. Simaanishi tu kwamba chakula ni ghali, ingawa ni ghali. Ninamaanisha kwamba ndani ya chakula kuna vitu vinavyohesabiwa kwa miligramu, na mipango yetu haijazoea kuhesabu kitu kidogo kiasi hicho.

Tuanze na biashara yenyewe. Kaa koko akijivua gamba hubaki na gamba jipya, pana, ambalo nyama yake haijalijaza. Mvuvi akimtoa shimoni wakati huo, kaa ni mkubwa kwa macho lakini ndani ni maji. Mnunuzi hadanganyiki. Anamgeuza chali na kumbonyeza kwa kidole gumba upande wa tumbo, karibu na mizizi ya miguu. Gamba likibonyea, jibu ni fupi: "Huyu bado, mama. Maji haya. Mrudishe." Kaa wa kusafirishwa hai kwenda China na nchi jirani zake lazima awe mgumu na mzito. Kwa hiyo kikundi humrudisha kizimbani, kila kaa na chumba chake, maana wakichanganywa, mwenye gamba laini huliwa na wenzake. Wanamlisha wiki tatu au nne hadi ajae. Kwenye karatasi hesabu ni nzuri, na mara nyingi mzunguko wa kwanza hufanikiwa kweli.

Baadaye ndipo mambo huanza kulegea. Wapo kaa wanaolishwa wiki baada ya wiki na bado wanabonyea. Wapo wanaokutwa asubuhi wamekwama, nusu ndani ya gamba la zamani, nusu nje, wamekufa katikati ya kazi. Wapo wenye madoa meusi mgongoni na matamvua yaliyobadilika rangi. Sababu zake si moja. Maji hupoteza chumvi mvua za masika zikishuka, joto hupanda vizimba vikiwa kwenye maji mafupi, kaa huumizwa kwa kufungwa na kusafirishwa, na magonjwa yapo. Afisa uvuvi atazitaja zote hizo na atakuwa sahihi. Ila mara nyingi orodha yake huishia kabla ya kufika kwenye kile kinachomwagwa kizimbani kila jioni.

Damu ya binadamu ni nyekundu kwa sababu oksijeni hubebwa na hemoglobini, na hemoglobini ina chuma. Kaa na kamba hubeba oksijeni yao kwa hemosayanini, protini ambayo kila mahali inaposhika oksijeni pana chembe mbili za shaba. Kaa akivunjika mguu, linalotoka ni majimaji yasiyo na rangi, nayo yakipata hewa hugeuka samawati hafifu. Shaba ndiyo inayotoa rangi hiyo. Protini hii ndiyo iliyo nyingi kuliko zote katika damu ya mnyama huyu, na ndiyo maana mahitaji yake ya shaba yanawazidi sana wanyama tuliozoea kuwafuga. Perege anatosheka na miligramu chache tu za shaba katika kila kilo ya chakula. Mwaka 1993, watafiti wa Marekani waliomchunguza kamba mweupe wa Pasifiki, anayefugwa kuliko kamba wengine wote duniani, waliona kwamba anahitaji takriban miligramu 32.

Kazi ya shaba haiishii kwenye pumzi. Gamba jipya hukomazwa kwa msaada wa kimeng'enya chenye shaba. Jeraha likitokea, kimeng'enya cha jamii hiyohiyo hulifunga kwa kidoa cheusi kabla vijidudu havijapenya, na hiyo ni sehemu kubwa ya kinga ya mnyama ambaye hana kingamwili kama zetu na hawezi kuchanjwa kama kuku. Zinki nayo imo katika kimeng'enya kinachosimamia kabonati, ambayo bila hiyo gamba haliwi gumu na matamvua hayawezi kusawazisha chumvi. Seleniamu huzuia mafuta ya mwili yasiharibiwe na oksijeni. Manganisi ina kazi ya pekee: wanasayansi waliomchunguza kaa wa bluu wa pwani ya Marekani waligundua kwamba, katika sehemu ya seli ambako wanyama wengi hutumia kimeng'enya cha shaba na zinki kupambana na sumu za oksijeni, kaa huyu hutumia cha manganisi. Shaba yake inakwenda kwenye damu.

Sasa tutazame anachokula akiwa huru. Kaa koko si mkimbiza samaki. Makucha yale mazito ni ya kuvunjia: konokono, chaza, kaa wadogo. Tondo, yule konokono mrefu anayetapakaa kwenye matope ya mikoko, naye ana hemosayanini kwenye damu yake. Kwa hiyo kaa anapomvunja tondo anapata nyama, anapata chokaa ya gamba, na anapata shaba ikiwa tayari katika umbo ambalo mwili wake unalifahamu. Akila kaa mdogo ni vivyo hivyo. Hata gamba alilolivua mwenyewe halitupi. Hurudi akalila, maana ndani yake kuna akiba aliyoikusanya kwa miezi.

Kizimbani anapewa vichwa vya samaki, matumbo ya samaki, na palipo na machinjio ya karibu, utumbo wa kuku. Protini ipo ya kutosha. Lakini damu ya samaki na ya kuku ni ya chuma, na nyama ya samaki ina shaba kidogo sana. Kwa wiki tatu hilo halionekani, kwa sababu kaa ameingia na akiba yake kutoka mikokoni. Hapa ndipo ninapoona mtego uliomo kwenye miradi hii. Majaribio hufanywa kwa wiki chache, kaa wakiwa bado wanatumia akiba waliyokuja nayo, na ripoti ya mafanikio huandikwa katika kipindi hichohicho. Kisha awamu ya pili hutangazwa: tusinunue tena kaa wa kunenepesha, tuwalee tangu wakiwa wachanga. Beit-el-Ras, Unguja, kimejengwa kituo cha kuzalisha vifaranga vya viumbe wa baharini kwa ushirikiano wa Serikali ya Zanzibar, FAO na shirika la misaada la Korea Kusini, KOICA, na kaa ni miongoni mwa viumbe waliolengwa. Ni hatua nzuri, nami naiunga mkono kwa moyo wote, kwani kuendelea kuwakusanya kaa wachanga mikokoni ni kuumaliza mtaji. Lakini kifaranga cha kaa atakayelelewa kwa miezi kadhaa atajivua gamba mara nyingi, na kila mara atapoteza madini. Akiba ya mikokoni hanayo. Anachopata ni kile anachopewa tu.

Na anapewa nini? Penye duka la pembejeo, mara nyingi ni vidonge vya perege, kwa kuwa ndivyo vilivyopo. Vidonge hivyo vimechanganywa kwa ajili ya samaki anayeridhika na shaba kidogo. Vingi vina soya, mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, na vyakula hivi vya mimea vina asidi ya faiti, inayoishika zinki kiasi kwamba utumbo hauwezi kuichukua. Watafiti walewale wa 1993 walipima jambo hilo kwa kamba. Chakula kisipokuwa na faiti, miligramu 33 za zinki kwa kilo zilitosha. Faiti ilipoongezwa, mahitaji yalipanda hadi zaidi ya 200. Mtu anayesoma maandishi ya mfuko wa chakula ataona zinki imo, na kweli imo, lakini sehemu kubwa inaingia mdomoni na kutoka kama ilivyoingia.

Liko na jambo la namna ya kula. Perege hudaka kidonge na kukimeza. Kaa na kamba hukishika kwa miguu, hukigeuza, hukimegua kidogo kidogo, pengine kwa saa nzima. Kidonge kisichofungwa vizuri kwa wanga au gundi ya mwani huloa na kumumunyuka, na vinavyotangulia kutoka ni vitu vyenye kuyeyuka kwenye maji: chumvi za shaba, za zinki, za manganisi, na baadhi ya vitamini. Sisi ni watu wa pwani inayolima mwani kwa wingi, na mwani una gundi bora ya kufungia chakula. Kwa nini mwani huo usafirishwe wote ukiwa mkavu, halafu vidonge vyetu vimomonyoke ndani ya nusu saa, ni swali ambalo andiko la mradi lingepaswa kulijibu.

Nirudi kwenye vipimo, maana hapa ndipo mpango mzuri hukutana na mikono ya watu. Chanzo rahisi cha shaba ni mrututu, ule ule wa bluu ambao wakulima huutumia kupigana na ukungu. Ili kutia miligramu 32 za shaba katika kila kilo, tani nzima ya chakula inahitaji takriban gramu 125 za mrututu. Gramu 125 katika kilo 1,000! Ukizimwaga juu ya lundo na kuchanganya kwa koleo, kona moja ya lundo itakuwa na sumu na kona nyingine haitakuwa na kitu. Shaba ikizidi huua, na wafugaji wa samaki wanaotumia mrututu kuondoa mwani kwenye mabwawa wanalijua hilo vizuri. Njia sahihi ni ya hatua: mrututu husagwa kuwa unga laini, huchanganywa na kilo moja ya pumba laini, kisha kilo hiyo huchanganywa na kumi, kisha kumi na mia, ndipo zije tani. Si kazi ngumu. Inahitaji mizani inayopima gramu, mtu aliyefundishwa, na uangalizi usiokatika. Seleniamu ni hatari zaidi, kwani inayohitajika haifiki hata miligramu moja kwa kilo na nafasi kati ya kutosha na kudhuru ni finyu mno. Hiyo haifai kabisa kupimwa kijijini.

Pengine nimeeleza kana kwamba shida ni upungufu tu. Kwenye mabwawa yaliyochimbwa mikokoni shida hugeuka. Udongo wa mikoko una madini ya chuma na salfa ambayo hayana madhara yakiwa chini ya maji. Ukiuchimba na kuuacha upigwe na jua, hugeuka tindikali, na mvua ya kwanza huisukuma tindikali hiyo bwawani pamoja na chuma. Kingo za bwawa huwa na utando wa rangi ya kutu, na kutu hiyohiyo hujikusanya kwenye matamvua ya kamba hadi wakashindwa kupumua. Ndiyo sababu wataalamu hawahimizi kuongeza chuma kwenye chakula cha kamba. Mhandisi aliyepimia bwawa urefu na upana huenda hakuwahi kuambiwa aupime udongo, na chokaa ya kupunguza tindikali haikuwamo katika bajeti.

Historia ya pwani yetu inafundisha mengi kwa anayetaka kusikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Serikali ya Kenya ilianzisha mabwawa ya kamba kwa msaada wa FAO na UNDP. Yalitumika kwa miaka kadhaa, yakafifia. Katika miaka ya 1990 ikaja ndoto kubwa zaidi: kampuni binafsi iliomba hekta 10,000 katika delta ya Rufiji kwa ajili ya ufugaji wa kamba. Baraza la mazingira la Tanzania, NEMC, lilishauri ombi likataliwe, serikali ikaliidhinisha mwaka 1997, wanakijiji wakaenda mahakamani, na mradi haukusimama kamwe. Mimi nafurahi haukusimama. Mwaka 2011 ugonjwa wa madoa meupe uliingia mashamba ya kamba ya Quelimane, Msumbiji, na mwaka uliofuata ukafika Madagaska. Ule ni ugonjwa wa virusi. Hakuna kiasi cha shaba wala zinki kinachoutibu. Shamba la ukubwa ule, katikati ya mikoko ambako wavuvi wanategemea kamba wa asili, lingekuwa hatari kwa watu wengi.

Mradi wa Kenya wa kuchochea uchumi, ulioanza 2009, haukuwa wa kaa wala kamba, lakini ulionyesha jambo lilelile kwa upana wa nchi. Mpango ulikuwa mabwawa 200 ya samaki katika kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Mabwawa yalichimbwa kwa kasi ya kusifiwa, maana bwawa linaonekana, linapigwa picha na linahesabika. Vifaranga bora na chakula bora havikuweza kwenda kwa kasi hiyo, na mabwawa mengi baadaye yalikauka au kuota majani.

Ni vema kusema pia palipofanikiwa. Miaka ya 1990 Tanzania ilianza kuhakikisha chumvi inatiwa madini joto. Rovu lilikuwa limewaandama watu wa nyanda za juu kwa vizazi, na dawa yake ni kiasi kidogo mno cha iodini. Waliopanga hawakuwapa watu vidonge kijiji kwa kijiji milele. Waliyatia madini katika kitu ambacho kila nyumba hukinunua. Mpaka leo kuna shida, hasa kwa wazalishaji wadogo wa chumvi wa pwani ambao kuchanganya madini sawasawa kunawalemea, lakini njia ilikuwa sahihi, na imewafikia mamilioni ya watu ambao hawajawahi kusikia jina la mradi wowote.

Njia kama hiyo ipo pia kwa kaa. Duka la pembejeo la mji mdogo wowote wa pwani huuza mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuku, katika pakiti ndogo, na mama anayefuga kuku wa mayai anajua atie kiasi gani kwenye gunia la pumba. Mchanganyiko wa kaa na kamba, uliopimwa kiwandani na penye mizani ya kuaminika, ungeweza kukaa kwenye rafu hiyohiyo. Kikundi kingebaki na kazi ya kuchanganya pakiti na uduvi uliosagwa, vichwa vya kamba kutoka kwa wachuuzi, na tondo pale ambapo kuwakusanya hakutawamaliza. Uduvi na vichwa vya kamba vina shaba ya asili, maana ni wa ukoo mmoja na kaa, ingawa mabaki ya kamba lazima yapikwe kwanza yasije yakabeba ugonjwa. Naogopa zaidi kuwategemea dagaa. Dagaa ni kitoweo cha maskini, na sioni haki ya kumnyima mtoto dagaa ili kaa wa kwenda nje anenepe.

Magharibi mwa jimbo la Alabama, Marekani, mbali na bahari, wafugaji walianza kufuga kamba kwa maji ya visima yenye chumvi kidogo. Kamba walikufa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Auburn walipima maji na kukuta potasiamu na magnesiamu ni pungufu mno. Hayo si madini ya miligramu, yanahitajika kwa wingi, na kwao dawa haikuwa chakula: walimwaga mabwawani mbolea ya potashi, ile ile ya shambani, na kamba wakaishi. Sikitaji kisa hiki ili tuwaige, kwani maji yetu ya bahari hayana upungufu huo. Kinachonivutia ni kwamba mtafiti alikuwa jirani na mfugaji vifo vilipotokea, akapima kwanza, na akarudi mwaka uliofuata. Kwetu taasisi za utafiti wa bahari na uvuvi zipo. KMFRI iko Mombasa, TAFIRI iko Dar es Salaam, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja. Kinachokosekana ni fedha ya kumrudisha mtafiti kwenye vizimba baada ya hafla ya uzinduzi.

Wanaoviangalia vizimba kila siku, wengi wao wanawake, huona mengi ambayo hayafiki popote. Wanajua kaa yupi alijivua lini, yupi alikwama, yupi ameacha kula. Wengine huandika kwenye daftari la shule. Fomu ya ripoti ya robo mwaka, hata hivyo, huuliza idadi ya vizimba, idadi ya wanufaika na kilo zilizouzwa. Haiulizi wangapi walijivua gamba salama, wala walikuwa wakila nini wiki hiyo. Safu hizo mbili zikiongezwa, mtafiti aliye mbali angeweza kuona ndani ya mwaka mmoja kama vifo vinafuata mvua au vinafuata chakula. Mwaka wa fedha, Kenya na Tanzania, huanza Julai, na maandiko mapya huanza kuandaliwa miezi kadhaa kabla. Bado kuna muda wa kuziingiza kwenye fomu ijayo.